Kuta za Nukta Nukta

Nyumba yetu ya Biryogo ilikuwa na ukuta wa unene wa dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na dhiraa yenyewe ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alikuwa fundi cherehani, mtu aliyezoea kupima kila kitu kwa mwili wake. Mwaka wa hamsini na moja yeye alipima matofali kwa mkono, mimi nikakanyaga udongo kwa miguu, nikiwa na mimba ya miezi sita. Tulichanganya udongo na nyasi zilizokatwakatwa, tukauacha ulale siku tatu, tukaukanyaga tena. Tofali likishakauka lilikuwa zito kama mtoto wa mwaka mmoja. Mimba ile ndiyo iliyokuja kuwa mama yake Mukunde.

Mukunde ni mjukuu wangu. Mama yake alipoolewa mara ya pili huko Bujumbura aliniachia mtoto wa miaka minne, eti kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili zilimfikisha chuo kikuu.

Alikuwa msichana peke yake katika darasa la ujenzi, na wavulana ishirini na sita. Wanachosoma kule kina jina refu la Kifaransa. Yeye alinifafanulia kwamba ni elimu ya kuchora majengo na kuyapigia hesabu ili yasianguke. Mimi nilisoma hadi darasa la tano. Najua kusoma, kuandika na kugawanya, na sikuona aibu kumuuliza mtoto.

Likizo yake ya kwanza alikuja na kitabu kizito kuliko tofali la babu yake. Akakaa mkekani, penseli mdomoni, uso umemkunjamana.

"Unapika nini humo?" nikamuuliza.

"Nahesabu uzito wa theluji juu ya paa, Bibi."

"Theluji ndiyo nini?"

"Ni kama mvua ya mawe, ila laini. Inaanguka polepole, inakaa juu ya paa hata wiki nzima. Ikizidi, paa linabonyea."

"Hapa Kigali?"

"Ulaya, Bibi."

"Na hilo paa unalolihesabia liko wapi?"

Akafikiri. "Liko kwenye mtihani."

Tangu akiwa mdogo tulikuwa na mchezo wetu wa vitendawili, na tuliufungua kwa Kinyarwanda hata kama kitendawili chenyewe ni cha Kiswahili. Nikamwambia: "Sakwe sakwe!"

"Soma!"

"Mgeni hajafika Kigali hata siku moja, lakini kila nyumba imemwandalia kitanda."

Alicheka mpaka penseli ikamdondoka. "Theluji! Bibi, nikirudi chuoni nikimwambia hivyo Profesa atanifukuza."

"Basi usimwambie. Mhesabie theluji yake."

Ndivyo nilivyomfundisha tangu mwanzo, na leo nikikumbuka najiuma ulimi. Kila alipoletewa jambo la ajabu kutoka kitabuni nilimwambia ampe mwalimu anachotaka, achukue karatasi yake, arudi nyumbani. Nilidhani elimu ni kama kodi: unalipa, unapewa risiti, unaendelea na maisha yako.

Julai ya mwaka wa tisini na mbili walikuja wote na basi, darasa zima la mwaka wa mwisho. Safari ya nusu siku iliwachukua siku nzima kwa sababu ya bariyeri za wanajeshi barabarani, maana kaskazini vita vilikuwa vinaendelea. Bonde lililo chini ya mtaa wetu lilikuwa likifurika kila masika, na mradi mmoja wa wafadhili ulitaka kujenga mtaro mkubwa wa mawe wa kupitisha maji. Kabla ya kuchimba, kila nyumba ya kandokando ya bonde ilitakiwa ichorwe, na chuo kiliwapa wanafunzi kazi hiyo iwe ndiyo mtihani wao wa mwisho. Kila mwanafunzi nyumba yake.

Mtu wa mradi, bwana Nsabimana, alipita mlango kwa mlango na miwani yake ya jua, akatueleza utaratibu. Mtaro ukipita kwako, nyumba yako inavunjwa, lakini unapewa kiwanja Kabeza, upande wa barabara ya uwanja wa ndege. Nyumba kwa kiwanja. Kitakachotazamwa ni mchoro. Kilicho kwenye mchoro ndicho kitakachobadilishwa. Kwa hiyo sote tulitaka kuchorwa. Nilikuwa na miaka sitini na moja, sina mume, na kitu pekee nilichokuwa nacho duniani kilikuwa zile kuta.

Mukunde aliniambia kwa fahari: "Bibi, nimeomba nyumba yetu nichore mimi. Wamekubali."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Atakayetuchora anatujua."

Alisaidiwa na kijana mmoja wa darasa lake, Damascène, mtoto wa kilimani asiye na Kiswahili kingi ila mwenye moyo wa kukisema chote alichonacho. Walikuwa na utepe mrefu wa kupimia unaojikunja wenyewe ndani ya kikopo. Mkono wa tatu ulihitajika, basi nikawa nashika ncha.

"Sakwe sakwe," nikawaambia.

"Soma!" Damascène akaitika kwa sauti ya kuita ng'ombe.

"Nina mtumishi. Akiwa amelala amejikunja. Akinyooka anatangaza siri za nyumba za watu, yeye mwenyewe hana nyumba."

"Nyoka!"

"Nyoka anatangaza siri gani, wewe?"

"Mke wa pili!"

Mukunde akampiga na daftari. "Ni huo utepe ulioushika, mjinga."

Walipofika dirishani kupima unene wa ukuta, Damascène akasoma namba, akairudia, akapiga mluzi, akaniita bibi kwa Kinyarwanda chake. "Nyogokuru, ukuta hii iko sentimita arobaini na tano! Ofisi ya mkubwa wetu chuoni iko ishirini tu. Hapa hata risasi ikuje, itachoka njiani."

"Usitaje risasi ndani ya nyumba yangu," nikamwambia. Nyakati zile watu walikuwa hawataji.

Siku ya nne Profesa Nduwayo alikuja mwenyewe kuwakagua. Mtu mpole, shati jeupe, kalamu nyekundu mfukoni. Nilimpa chai ya tangawizi na mandazi, akala matano. Nilimpenda, sitasema uongo. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mgeni: "Mwalimu, wewe ulizaliwa katika nyumba ya nini?"

"Ya udongo, mama," akasema, akacheka. "Ndiyo maana nilisoma kwa bidii hivi. Nilikuwa naikimbia."

Wanafunzi wakacheka. Mimi pia nikacheka.

"Basi kitendawili hiki ni chako. Nilipokuwa laini nilikanyagwa, nilipokuwa mgumu nikaheshimiwa."

Akajaribu ngozi, akajaribu mkate, akajaribu mwanafunzi. Mwisho akanyanyua mikono. "Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

Damascène alikuwa hajui desturi hiyo, Mukunde akamweleza kwamba kwetu aliyeshindwa kitendawili humpa mji aliyekitega, ndipo ajibiwe.

"Nakupa Kabeza!" akasema Profesa, na nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko, maana sote tulikuwa tunawaza Kabeza.

"Nimekwenda Kabeza, nimekaa, nimepata shamba na ng'ombe, nimerudi," nikasema. "Jibu ni huo ukuta uliouegemea."

Akageuka kuutazama. Akaupapasa. Kisha akaangalia kiganja chake kama kimeingia vumbi, akakipangusia suruali.

Mukunde alichora mwezi mzima kwenye meza ya kukatia nguo ya babu yake. Nilikuwa naona nyumba yangu kutoka juu kwa mara ya kwanza. Kitanda changu kilikuwa pale, kabati pale, mafiga matatu kule uani, mlango na upinde wake unaoonyesha unavyofunguka. Kuta alizipaka wino mweusi, nene, zimejaa, na mimi niliweka kidole juu ya ukuta wa chumbani nikajisikia kama nimegusa mkono wa mtu.

Alikwenda kumwonyesha Profesa, ambaye wakati ule alikuwa amepanga katika hoteli moja mjini. Alirudi jua likiwa bado kali, bomba la michoro kwapani, macho mekundu. Akakunjua karatasi. Kila ukuta ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu. Kitu kimoja tu hakikuguswa, nacho ni choo chetu cha uani, ambacho mwaka wa themanini na saba tulikijenga kwa matofali ya saruji.

"Ameandika nini?"

"Kuta za muda."

"Za muda gani? Zina miaka arobaini na moja!"

"Bibi, ndivyo tulivyofundishwa. Kuta za kudumu ni tatu: jiwe, tofali la kuchoma, saruji. Hizo zinachorwa kwa mstari mnene. Kilichobaki, mbao, turubai, mabati, udongo, kinachorwa kwa nukta nukta. Kitabu hakina alama ya ukuta wa udongo. Nilimwambia Profesa sentimita arobaini na tano. Akasema kitabu hakiulizi unene, kinauliza ni kitu gani."

"Kwani yeye macho hana? Si aliegemea?"

"Nilimwambia hivyo."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mukunde, wewe ndiye msichana wa kwanza kufika hapa. Wapo watu katika kitivo wanaosubiri useme neno moja la kijinga ili waseme walijua. Usiwasaidie.'" Akafuta pua kwa mkono. "Nikichora nene ananipa sifuri. Nikirudia mwaka, Bibi, hawatanirudisha. Nafasi yangu inatakwa na watu."

Nataka niandike hapa kwamba nilimwambia achore ukweli. Natamani. Lakini nilimwona mtoto yule niliyemlea, vidole vimejaa wino, miaka minne ya kuhesabu theluji, nikamwambia: "Mchoree anavyotaka. Mistari ni mistari. Nyumba haitoki mahali pake kwa sababu ya kalamu."

"Na kiwanja?"

"Watu wa mradi watakuja na macho yao. Wataona."

Akachukua karatasi mpya. Nyumba ile ile, kitanda kile kile, mafiga yale yale, na pande zote nukta, nukta, nukta, kama ushonaji wa kushikizia kabla ya kupita cherehani. Katikati ya uwanja mweupe, choo cheusi, kimesimama peke yake kama msikiti.

Alipokuwa akienda na mchoro huo kuupigia nakala, wanajeshi wa bariyeri walimsimamisha wakafungua lile bomba. Miaka ile ramani ilikuwa kitu cha kuogopesha. Askari mmoja akaugeuza juu chini, akauliza: "Hii ni ramani ya wapi?"

"Ni nyumba ya bibi yangu, afande."

"Mbona haina kuta?"

Alitusimulia jioni, tukacheka, mimi na jirani yangu Mukankusi, tukashika mbavu. Askari asiyejua kusoma vizuri alikuwa ameuliza swali zuri kuliko yote yaliyokuja kuulizwa, na sisi tulicheka.

Novemba walifanya mtihani wa kusimama mbele ya watu, katika ukumbi wa kukodi mjini, jamaa wakaalikwa. Nilivaa kitenge kipya. Mukankusi alinisindikiza, mwanamke mnene mwenye midomo mipana ya kusema, tumeishi ua kwa ua miaka thelathini. Mbele walikaa waamuzi watano, akiwemo Profesa Nduwayo na Mzungu mmoja wa mradi. Mukunde alisimama na fimbo ya kuonyeshea, sketi ya bluu, mgongo umenyooka. Kila kitu kwa Kifaransa. Mimi Kifaransa changu ni cha sokoni: bei, kilo, asante.

Mzungu akauliza swali refu. Mukunde akanitazama, nakumbuka vizuri, akanitazama mimi, halafu akaondoa macho akajibu kwa sauti safi isiyotetemeka, akigonga mchoro kwa fimbo, hapa, hapa, na hapa. Profesa akatabasamu. Mzungu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Watu wakapiga makofi.

Nami nikapiga vigelegele. Nilisimama kabisa. Mukankusi akanipokea, ukumbi mzima ukageuka kututazama, vigelegele viwili vya Biryogo ndani ya ukumbi wa watu wenye tai. Alipata alama za juu kuliko wote ishirini na saba.

Nje, wakati wa soda, nilimuuliza Damascène: "Yule Mzungu alimuuliza nini mwanangu mpaka akajibu vizuri vile?"

Kijana akaangalia chupa yake. "Aliuliza kama ile nyumba inaweza kuhesabiwa kuwa nyumba, nyogokuru."

"Naye akasema?"

"Akasema hapana. Akasema ni banda la muda, halina kitu kinachobeba mzigo. Alieleza vizuri sana."

Soda yangu ilikuwa ya machungwa. Sikuimaliza. Lakini hata hapo, mwenye kusoma, sikukasirika. Nilijiambia ni mtihani, ni theluji ile ile.

Februari ya tisini na tatu majina yakabandikwa. Mtaro ulikuwa unapita kwangu na kwa Mukankusi na kwa wengine tisa. Tuliitwa mmoja mmoja katika ofisi ya mradi, chumba kimoja chenye feni na makaratasi yaliyokunjwa kama mikeka. Bwana Nsabimana alivuta mchoro wetu, akaukunjua, akaweka kikombe juu ya kona ili usijikunje. Kikombe kilikaa juu ya kitanda changu.

"Namba thelathini na moja," akasoma. "Majengo ya kudumu: moja. Choo. Majengo ya muda: moja. Mama, ya muda hayapewi kiwanja. Unaruhusiwa kuchukua vifaa vyako mwenyewe kabla ya katapila kuja."

"Bwana," nikasema, "hicho choo kilijengwa nyuma ya nini? Watu walikuwa wanatoka wapi kwenda chooni?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakuwa mkali. "Mimi sipimi, mama. Waliopima ni wataalamu." Akageuza karatasi akanionyesha chini, kwenye kona, jina la mchoraji na sahihi yake yenye mkia mrefu. Sahihi hiyo niliijua tangu alipokuwa akiijaribu kwenye mifuko ya sukari.

Mukankusi aliingia baada yangu, akatoka na karatasi ya kiwanja. Nyumba yake ilichorwa na Damascène, na kuta zake zilikuwa nene, nyeusi tititi. Alinishika mkono, hakuweza kunitazama.

"Yangu iko udongo kama yako, shoga," akasema. "Mwanangu alinipakia saruji nje, kidole kimoja tu. Poda. Yule kijana hakukwaruza."

"Mungu akubariki nayo."

"Twende tukamwambie..."

"Nyamaza. Ukimwambia watakunyang'anya na wewe. Chukua kiwanja chako, uende."

Kabeza nilikuwa nimeshapewa kwa kitendawili. Kwa karatasi haikuwa yangu.

Nilirudi ofisini siku ya pili, na ya tatu. Siku ya tatu bwana Nsabimana alinionea huruma, au alichoka kuniona. Akaniambia: "Njia ni moja. Aliyechora aandike barua kwamba alikosea. Ukuta upo, unene wake ni kadhaa, umesimama miaka kadhaa. Ukurasa mmoja, na sahihi ile ile. Ikifika kabla ya tarehe thelathini ya Machi, ninabadilisha, unapata kiwanja. Ikipita, basi."

Nilitoka pale karibu nikimbie. Kwani aliyechora alikuwa nani? Si wa nje.

Mukunde wakati huo alikuwa ameshapata kazi, katika mradi ule ule, ofisi ya juu iliyochora mtaro wenyewe, akipanga chumba na wenzake upande wa Kabeza. Alikuja Ijumaa kula. Nilisubiri amalize wali, nikamweleza yote. Nikaweka karatasi mezani na kalamu juu yake, maana nilikuwa na haraka kama mwenye maziwa jikoni.

Hakushika kalamu.

"Bibi, barua hiyo haitaishia kwa Nsabimana. Itakwenda kwa Profesa."

"Iende. Namba za utepe anazo."

"Diploma yangu haijasainiwa. Watasaini Julai. Nitakuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba kazi iliyopewa alama za juu kuliko zote ni ya uongo."

"Ni ya uongo?"

Alikunja kona ya karatasi, akaikunjua. "Si uongo. Ndivyo inavyochorwa."

"Mukunde. Mimi ndiye nilikwambia uchore nukta. Kosa la kwanza ni langu, nimelikubali. Sasa nakuomba wewe ulifute."

"Nitakujengea, Bibi. Wallahi. Nikianza kupata mshahara kamili nitakujengea nyumba ya saruji, vyumba vitatu, na choo ndani."

"Sijakuomba saruji. Nimekuomba useme ulichopima."

"Unajua wanavyoniita ofisini? Wananiita 'binti wa vigelegele'. Wanasubiri tu nikosee." Sauti ikampanda. "Wewe hujui, Bibi! Darasa la tano huwezi kujua!"

Maneno yakakaa pale mezani pamoja na mabakuli. Aliyesikitika zaidi kuyasikia alikuwa yeye, aliziba mdomo. Akainama akanibusu mkono, akasema atafikiri, akaikunja ile karatasi tupu akaiweka ndani ya mkoba wake.

Machi nzima nilikaa barazani. Kila basi likisimama juu barabarani nilijua kwa mlio wa breki ni la wapi. Tarehe ishirini na nane alikuja Damascène badala yake, amebeba kilo mbili za sukari na kikaratasi chenye maneno mawili: Nivumilie, Bibi. Yule kijana alikaa ukingoni mwa kiti akaniomba msamaha kwa ajili ya ukuta wa Mukankusi, nikamwambia hilo ndilo kosa pekee zuri lililofanywa na chuo chao.

Tarehe thelathini ilipita kama siku nyingine.

Mpwa wa marehemu mume wangu, Gasana, ana shamba Gahanga, nje ya mji, akanipa pembe moja ya kujenga. Nikaamua katapila lisiguse tofali langu hata moja. Mabati yalishuka kwa siku moja, madirisha kwa siku moja. Kuta, lo! Vibarua wawili walikuja na nyundo wakidhani ni kazi ya asubuhi. Udongo ni udongo. Siku ya tatu mmoja akadai nimemdanganya. Matofali yalikuwa yameshikana kama yamezaliwa pamoja. Tuliyatenganisha kwa panga na maji kidogo kidogo, moja moja, na mengi yalitoka mazima, yana alama za vidole vya mume wangu ubavuni. Damascène alikuja siku nne, akavua shati akafanya kazi na vibarua. Dereva wa katapila alikaa kivulini na sigara yake, akisubiri. "Mama," akaniambia siku ya sita, "waliniambia hapa kuna banda."

Siku ya tisa Mukunde alikuja. Gari la mradi lilimshusha juu, akateremka kwa miguu, kofia ya plastiki ya njano kichwani, faili mkononi, viatu vizuri vya ngozi vyenye kamba. Ilikuwa karibu adhuhuri. Gasana alikuwa ameondoka na mzigo wa mwisho kasoro mmoja. Kuta zilikuwa zimebaki kimo cha goti, na ndani ya vyumba jua lilikuwa limelala mahali ambapo halijawahi kufika.

Nilikuwa nimeketi juu ya rundo la matofali, pale palipokuwa chumbani. Hakunisalimia kwa sauti. Alifika palipokuwa mlango. Hapakuwa na mlango, hapakuwa na fremu, palikuwa na pengo tu kati ya visiki viwili vya ukuta. Mtu angeweza kupita popote. Lakini yeye alisimama pale pale, akaweka faili chini, akainama kufungua kamba, akavua kiatu kimoja, akakiweka pembeni kwa adabu kama nilivyomfundisha, akaanza kuvua cha pili.

"Usivue viatu, mwanangu," nikamwambia. "Hapa ni nje."